Beseni la maji na kioo havitoi rangi za upinde wa mvua, nakosea wapi?

mjomba_arua
Habarini jameni. Mimi nauza spea za pikipiki hapa Arua, sayansi niliiacha S3 (kidato cha tatu), kwa hiyo mnisamehe kama swali ni la kitoto. Niko na mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko S2 anakaa kwangu. Shule imewapa projekti: vunja mwanga wa jua utoke rangi za upinde wa mvua, kwa vitu vya nyumbani, halafu ueleze kwa nini inakuwa hivyo. Prizimu, ile glasi ya pembetatu ya kuvunja mwanga, shuleni iko moja tu, imemegeka kona, mwalimu haiachi itoke maabara, na mimi simlaumu.

Tukaona video kwenye simu, mtu anaweka beseni la maji, anaegemeza kioo cha kujitazamia ndani ya maji, jua linapiga na rangi zote hizo hapo ukutani. Nikasema hii ni rahisi kama kumenya ndizi. Jumapili tukatoa beseni nje, lile la kijani la kufulia, nikang'oa kioo cha bafuni, tukamwaga jerikeni nzima ya maji, saa saba mchana, jua kali hata kuku wamejificha chini ya boda. Hakuna kitu! Nikapata kiduara cheupe kinatetemeka kwenye ukuta wa jirani, basi. Nikasema labda kioo kimelala sana, nikakisimamisha zaidi, hata kile kiduara nacho kikaenda. Mwanga unaingia majini hautoki. Dakika arobaini niko pale nimechuchumaa, mke wangu anapita anauliza mnaosha kioo ama mnabatiza?

Halafu jirani, mzee mmoja wa heshima, akasimama akatuangalia akasema tunajisumbua, rangi ziko kwenye ile glasi maalum, zinawekwa kiwandani, kioo cha bafuni hakina. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, kwani rangi zinatoka kwenye kioo ama zinatoka kwenye jua?" Nikabaki nimeshika kioo tu.

Kwa hiyo maswali mawili. Nakosea wapi na beseni, na huyo mtoto nimjibu nini. Projekti inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

kijana_wa_stage_busia
Haha mjomba pole, hiyo ya kubatiza imeniua. Achana na beseni, tafuta CD. Si una zile za nyimbo za zamani zimelala chini ya redio? Ishike kwenye jua upande unaong'aa, irushie ukuta wa kivuli, utaona upinde mpaka uchoke. Hata mtoto wa P3 anaweza. Dakika moja projekti imeisha.

mwl_maabara_kasese
Kijana wa stage, CD inatoa rangi kweli na ni nzuri kuangalia, lakini huyo binti akiandika kwamba mwanga umepinda ndani ya CD mwalimu wake atampiga mstari mwekundu. CD ina mistari midogo sana imezungushwa, nafasi kati ya mstari na mstari ni sehemu 1.6 kati ya sehemu elfu moja za milimita, na rangi zinatokea kwa sababu mwanga unaruka kutoka kwenye mistari hiyo na kuchanganyikana, ni habari nyingine kabisa. Hata mpangilio wake ni kinyume: kwenye CD nyekundu ndiyo inayotupwa mbali zaidi, kwenye prizimu ni zambarau. Aitumie kama kitu cha kulinganisha, hapo atapata maksi za ziada.

Sasa mjomba, beseni lako. Kosa lako kubwa ni saa. Saa saba mchana Arua jua liko karibu na utosi, linashuka wima, linaingia kwenye maji bila kupinda, linagonga kioo. Ukiwa umekiegemeza nyuzi 45, mwanga unarushwa pembeni unaenda kugonga ukuta wa beseni. Ukikisimamisha zaidi ndio unarushwa chini kabisa, kwa hiyo ulivyosema unaingia hautoki umesema sawasawa. Na hata ukikilaza, maji yana tabia moja: mwanga ukitoka chini ukaufikia uso wa maji kwa mshazari wa zaidi ya nyuzi 48 na kidogo kutoka wima, hautoki, unarudishwa ndani kama vile juu kuna kioo kingine. Ukipiga hesabu, jua likiwa utosini kioo hakitakiwi kuinuka zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka chini ya beseni, yaani kimelala na umekiwekea kijiwe tu. Hapo rangi zitatoka lakini nyembamba, na zitaelekea juu, siyo kwenye ukuta wa jirani.

Na kile kiduara cheupe kilikuwa kinatoka kwenye kipande cha kioo kilichobaki nje ya maji. Hakijaonja maji hata kidogo, ndio maana hakina rangi.

Fanya hivi. Saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya nyumba, dirisha la mashariki. Beseni mahali jua linapofika sakafuni, kioo kitazame dirisha, kiinuke chini kidogo ya nyuzi 45, sehemu iliyo nje ya maji uifunike na kitambaa. Halafu mtulie. Maji yakitikisika rangi zinachanganyika zinarudi kuwa nyeupe, kwa hiyo mtu asikanyage karibu, dakika mbili nzima. Na msitafute rangi ukuta wa mbele, wengi wanakosea hapo. Zinarudi upande uleule wa dirisha, juu, kwenye dari. Kama hamna dari mtoto ashike karatasi nyeupe juu ya beseni aisogeze polepole mpaka azikamate. Hapo yale maji kati ya kioo na uso wa juu yamekuwa kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na hiyo kabari ndiyo prizimu yako.

Na chonde, mtu asiinamie lile beseni kuangalia jua kwenye kioo. Macho hayana spea.

Swali la pili ni kubwa kuliko projekti yenyewe, nitarudi nikimaliza kusahihisha.

mzee_bombo
Mimi ni dereva mstaafu, sijasoma fizikia, lakini nasimama na yule jirani wa Arua. Chukua chupa ya kijani ya bia, iweke kwenye jua, kivuli chake mezani ni kijani. Chukua ya kahawia, kivuli ni cha kahawia. Rangi imetoka wapi kama siyo kwenye kioo? Jua ni lilelile moja. Msimwambie mtoto mambo ya vitabu bila kufikiri.

Pia mwalimu asijibu kama sitamuelewa, ajibu kwa mfano.

mwl_maabara_kasese
Mzee wangu wa Bombo, shikamoo. Hoja yako ya chupa ni nzuri na watu wakubwa wa Ulaya waliamini hivyohivyo, kwamba mwanga ni mweupe safi na kioo ndicho kinachoutia doa.

Jambo la kwanza, chupa ya kijani haiongezi kitu. Inameza nyekundu na nyingine nyingi, inaachia kijani ipite. Ndio maana kivuli chake kina giza kuliko jua la kando yake. Ingekuwa inaongeza, pangekuwa na mwanga zaidi pale, siyo kidogo.

Jambo la pili ni Newton, yule mwanasayansi Mwingereza. Mwaka 1666 alifunga chumba kikawa giza, akatoboa tundu dogo kwenye ubao wa dirisha, akaweka prizimu kwenye ule mwali, na ukuta wa mbele ulikuwa mbali, futi 22. Prizimu zilikuwepo tayari na rangi watu walikuwa wanaziona kila siku, hazikumshangaza. Kilichomsumbua ni umbo. Tundu ni la duara, jua ni duara, kwa hiyo doa ukutani lingetakiwa liwe duara, lakini lilikuwa limevutika, urefu kama mara tano ya upana. Sasa mzee fikiria, kama kioo kinapaka rangi tu, kwa nini kimevuta doa? Kwa hiyo akachukua prizimu ya pili. Akaacha rangi moja tu ipite kwenye tundu la ubao mwingine, nyekundu peke yake, halafu akaipitisha kwenye hiyo prizimu ya pili. Ikapinda, lakini ikabaki nyekundu. Akajaribu bluu, ikapinda zaidi kuliko nyekundu, ikabaki bluu. Kama kioo ndicho kinachopaka rangi, kile cha pili nacho kingepaka. Hakikupaka. Aliandika habari hiyo ikachapishwa 1672 na watu wakabishana naye kwelikweli, kwa hiyo mzee hauko peke yako.

Mfano ulioomba: gari linatoka lami linaingia matope kwa mshazari, tairi la kushoto linagusa tope kwanza, gari lote linavutwa kushoto. Mwanga nao ukiingia kioo unapunguza mwendo, kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde unashuka karibu 200,000, kwenye maji kama 225,000. Lakini rangi hazipunguzi sawa. Zambarau inakwama zaidi kidogo, kwa hiyo inavutwa zaidi, nyekundu inapita kidogo haraka. Zilikuwa zinasafiri pamoja muda wote kutoka kwenye jua, matope ndiyo yamezitenganisha.

mzee_bombo
Marahaba mwalimu. Nimekusikia kwenye tairi. Lakini sijakubali mpaka nione hiyo ya prizimu mbili.

Na lingine. Unasema adui ni jua la mchana. Mimi nimepeleka watalii Murchison miaka, na upinde wa mvua nimeuona pale juu ya maporomoko saa tano na saa sita mchana.

mwl_maabara_kasese
Haha mzee unabana. Ni kweli umeuona, na mimi nimeuona. Ule wa angani unakaa kwenye duara la nyuzi kama 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako, kwa hiyo jua likipanda juu ya nyuzi 42 duara lote linazama chini ya upeo wa macho. Kwa Uganda ni kama kuanzia saa nne kasoro asubuhi mpaka saa kumi jioni, jaribu kukumbuka ni lini umeuona angani saa saba, hutakumbuka. Lakini pale Murchison umesimama juu na mvuke wa maji uko chini ya miguu yako bondeni, kwa hiyo unaangalia chini na duara lipo. Huwa nawaambia wanafunzi, usiutafute juu, inama.

mama_wa_mapacha_kla
Mnaongea Newton na tundu la dirisha, banange, mmesahau nyumba za mabati! Mimi nimekulia nyumba ya mabati ya zamani yaliyong'olewa yakarudishwa, matundu ya misumari kila mahali. Mvua ikinyesha ni sufuria tisa sakafuni, lakini jua likitoka chumba kile kilikuwa na nguzo za mwanga zimesimama kama kamba, vumbi linacheza ndani yake, na chini kwenye sakafu viduara. Tundu lenyewe halikuwa duara, lilikuwa limechanika, limekaa kama jino, lakini doa la sakafuni duara kabisa, na linatembea. Tulikuwa tunachora mstari na mkaa kuona linafika wapi wakati wa chai ya saa kumi. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba kile kiduara ni picha ya jua lenyewe.

Mchezo wetu ulikuwa kushika kipande cha kioo kwenye ile kamba ya mwanga na kuirusha ukutani, kwenye uso wa mtu aliyelala, mpaka unachapwa. Kwa hiyo mjomba_arua, kama una chumba cha mabati, hata stoo, huhitaji dirisha la mashariki wala kungoja asubuhi. Mwali unashuka wima saa saba, wewe unaweka kioo kidogo chini yake kimeinama, unaulaza uende kando, halafu ndio unaweka prizimu mbele yake.

(Kwetu upinde wa mvua unaitwa musoke, na ni jina la mtu pia. Darasani tulikuwa na Musoke watatu na hakuna hata mmoja aliyejua fizikia.)

fundi_vioo_mbale
Dada hapo juu umeongea kitu kizuri, sasa mimi nimalizie upande wa prizimu maana ndiyo kazi yangu, siyo ya kuchonga glasi nene lakini hii ya maji mtu yeyote anatengeneza.

Nenda kwa fundi wa vioo yeyote hapo Arua, usinunue kioo kipya, muombe mabaki. Kila fundi ana pipa la vipande nyuma. Akukatie vipande vitatu sawasawa, kama sentimita 6 upana na 15 urefu, kioo cha kawaida cha dirisha, cheupe, kisiwe na maua. Na kimoja cha mraba cha kuwa sakafu. Makali ayasugue na jiwe, usikubali ukabeba nyumbani vilevile na mtoto yupo, mimi nina makovu saba kwenye mkono huu wa kushoto. Viunge vitatu visimame pembetatu kama chombo cha maua, vikilingana upana pembe zinajipanga zenyewe nyuzi 60 kila moja, huna haja ya kupima. Shika kwanza na selotepu kwa nje, halafu piga silikoni kona za ndani, ileile ya masinki, pitisha kidole chenye maji ya sabuni ilainike, halafu bandika kwenye sakafu yake. Sasa ACHA. Masaa 24. Watu wanajaza maji jioni ileile inavuja wanasema fundi mbaya. Silikoni ikiacha kunuka siki ndio imekauka.

Maji yawe safi na yamekaa usiku mmoja, ukichota bombani ukajaza papo hapo yanaleta vipovu vidogo kwenye kioo vinaharibu.

Halafu siri ambayo hakuna aliyeisema. Ukiweka karatasi karibu na prizimu, sentimita 20 hivi, unaona doa jeupe na kando nyekundu kidogo huku na bluu kidogo kule, unasema haifanyi kazi. Inafanya, ila rangi bado zimelaliana. Sogeza ukuta. Mita tatu ndio rangi zinaachana. Maji hayatenganishi rangi kama kioo kizima, ni karibu nusu yake, kwa hiyo umbali ndio unakusaidia. Na mbele ya prizimu weka katoni umeipasua mstari mmoja mwembamba wa milimita tatu, wima. Unapoteza mwanga mwingi lakini unachobaki nacho ni kisafi. Giza la chumba liwe giza la kweli, blanketi mlangoni.

Tengeneza mbili uone ile ya Newton, mzee wa Bombo amalize ubishi wake.

kijana_wa_stage_busia
Sasa hii ni projekti ya mtoto ama ya kujenga hoteli. Kwani tochi ya simu haiwezi badala ya matundu ya mabati?

mwl_maabara_kasese
Inaweza, kwa usiku ni nzuri. Ila ule mwanga mweupe wa simu siyo mweupe wa jua. Ndani ni taa ya bluu imepakwa unga unaotoa njano, vikichanganyika jicho linasema nyeupe. Ukiupasua utaona bluu kali, halafu kama bonde hafifu, halafu kijani mpaka nyekundu. Ukipata ile balbu ya zamani ya enaji seva iliyojikunja angalia kivuli chake kwenye CD yako, utaona rangi zimekaa kama mistari imeachana, siyo utepe mmoja. Mwambie binti aangalie zote tatu, jua, simu na enaji seva. Hakuna kioo kitakachobadilika, ni mwanga tu umebadilika, na picha inabadilika. Hilo peke yake ni jibu kwa jirani.

mjomba_arua
Nimerudi. Ni ndefu kidogo mnivumilie.

Jumatatu saa mbili na nusu tukafanya beseni ndani kama mwalimu alivyosema. Mimi nikazitafuta ukuta wa mbele kama mjinga, mpwa wangu ndiye akakumbuka akanyoosha karatasi juu ya beseni upande wa dirisha. Jameni! Zikaanguka kwenye karatasi, na kwenye vidole vyake, kidole gumba chekundu na kidole kidogo cha bluu. Akapiga kelele, maji yakatikisika zikapotea. Tukangoja tena.

Tungeishia hapo, lakini nikawa nimeshaumwa na mdudu. Fundi wa hapa mtaani akanikatia vioo vya prizimu mbili, akanidai elfu nane na akacheka. Silikoni nilikuwa nayo dukani. Ya kwanza ilivuja kwa sababu sikungoja, fundi wa Mbale usiseme kitu. Nikafungua, nikasugua, nikarudia, masaa 24 na saa.

Ijumaa mchana tukaingia stoo. Mabati yangu ni mapya hayana tundu, na mke wangu alisimama mlangoni kabisa kuhakikisha simtoboi mtu paa, lakini kuna msumari mmoja ulikuwa umelegea, nikauvuta tu. Nitaurudisha. Mwali ukashuka. Mama wa mapacha, ni kweli, kamba kabisa, vumbi la spea linang'aa ndani yake. Kioo kidogo cha saidi mira ya pikipiki tukakilaza kwenye kigoda, mwali ukaenda ukutani, duara jeupe. Tukaweka katoni na prizimu. Duara likahama kando, nilikuwa nalitafuta palepale mbele kumbe limepinda, likawa utepe, upana wa vidole vitatu hivi, nyekundu upande mmoja na ile zambarau upande wa mwisho inaingia gizani huoni inaishia wapi. Tulinyamaza wote wawili.

Nikamwita jirani. Akavua kofia mlangoni kana kwamba anaingia kanisani. Binti akamwonyesha ya pili: akaweka kadibodi yenye kipasuo pale penye nyekundu, nyekundu peke yake ikapita, akaweka prizimu ya pili nyuma yake. Ikasogea pembeni kidogo. Nyekundu. Jirani akasema geuza. Akageuza. Nyekundu. Akasema weka kijani. Kijani hafifu sana, ilibidi tufunge mlango na kuweka gunia chini, lakini ikabaki kijani. Mzee akakaa kwenye mtungi wa gesi akasema "basi kiwanda chao kiko juani."

Tatizo limebaki moja. Mpwa wangu anahesabu sita. Nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, zambarau. Kitabu kinasema saba, kuna nili katikati ya bluu na zambarau. Mimi nilihesabu tano, jirani aliona nne lakini macho yake ni ya zamani. Aandike ngapi?

mwl_maabara_kasese
Mmenifurahisha mpaka nimesoma mara mbili.

Aandike alichoona: sita. Halafu mstari mmoja chini, kwamba Newton ndiye alitaka saba, alikuwa analinganisha rangi na noti saba za muziki, akaongeza chungwa na nili zikatimia. Utepe wenyewe hauna mipaka, ni sisi tunaokata. Mwalimu akimkata maksi kwa hilo aje amtafutie nili hapo stoo na gunia mlangoni.

mzee_bombo
Jirani wa Arua amekubali na mimi nimekubali. Lakini nataka kuona kwa macho yangu. Hizo prizimu zinavuka na basi mpaka Bombo?

mjomba_arua
Zinavuka mzee wangu, zikitoka shuleni. Mwaga maji kwanza tu.

Fundi wa Mbale, la mwisho: kioo cha bafuni kimepata ufa siku ile ya beseni na bado sijamwambia mwenyewe. 45 kwa 60. Kina makali ya kuteleza pembeni. Napata wapi kingine cha hivyo kabla ya Jumapili?

fundi_vioo_mbale
Yule aliyekukatia prizimu anacho, na ndio maana alicheka. Pima unene kabla hujaenda, kama ni milimita nne mwambie nne, ukimwambia tano hakitaingia kwenye vibano vyako vya zamani na mke wako atajua.